Nisaidie na Mia Tano

Hapa kwetu Umoja hakuna mtu anayekopa. Nimekaa mtaa huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na bado sijamsikia jirani akigonga mlango na kulitamka neno hilo kwa ulimi wake mwenyewe. Watu wote wanasaidiwa. "Nisaidie na chumvi." "Nisaidie na pasi." "Nisaidie na ngazi nibadilishe balbu." "Nisaidie na simu nipige mara moja tu," na hiyo mara moja tu humaliza salio lote, akimjulia hali shangazi yake wa Kakamega pamoja na ng'ombe, mmoja mmoja. Mgeni akipita kwenye ngazi zetu jioni atadhani ploti nzima ni ofisi ya Msalaba Mwekundu.

Nina ugomvi na neno hili, na kwa kuwa ugomvi wenyewe ni wa pesa, usinidhanie mtaalamu wa lugha. Ubaya wa "nisaidie" ni kwamba halikwambii kama kitu kitarudi. Inabidi ukisie kwa kukiangalia kitu chenyewe. Chumvi hairudi, na anayedai chumvi yake irudi hana haya. Pasi hurudi, ila hurudi na nailoni ya mtu imegandia tumboni. Mtungi wa gesi hurudi mwepesi. Ngazi hurudi ukiifuata. Mwavuli ukishatoka umetoka. Siku ukiuona tena uko sokoni Mutindwa, juu ya kichwa cha mtu usiyemjua. Kizungumkuti ni pesa. Pesa huliwa kama chumvi, lakini mwenyewe anaihesabu kama pasi.

Kiswahili kiligawa kazi hii zamani, na kiliigawa vizuri. Kuazima ni kuchukua kitu, kukitumia, kisha kukirudisha kilekile. Kukopa ni kuchukua kitu, kukila, kisha kurudisha kingine cha thamani yake. Kuomba ni kuchukua, kula, na kurudisha asante. Wahenga nao wakaweka walinzi kila mlango. Kwa kuazima wakasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa kukopa wakasema kukopa harusi, kulipa matanga. Tafuta methali ya mtu aliyesaidiwa na mia tano, hutaipata. Wahenga walikuwa na aibu zao nyingi, lakini deni waliliita deni.

Sababu ya kulikimbia neno "kopa" naielewa. Eastlands hii tunaishi ukuta kwa ukuta. Ukikohoa usiku, wa mlango wa tatu anakuuliza asubuhi kama umepona. Mtu akisema "nikopeshe" kwenye korido, habari itamtangulia kufika chini. "Nisaidie" haina kelele hiyo. Mkopaji huinamisha kichwa. Msaidiwa anakuangalia usoni, tena anakukumbusha kwamba Mungu humlipa atoaye. Na hapo ndipo mchezo wote ulipo, kwa sababu mtu akishakwambia Mungu atakulipa, amekwisha kumhamishia deni Mungu.

Sasa kesi yenyewe. Ilikuwa Januari, ule mwezi ambao Nairobi huuita Njaanuari, karo imekula, Krismasi imekula, na bado kalenda haitaki kusogea. Kijana wa mlango nambari kumi na mbili, anayefanya kazi za mtandaoni ambazo sijawahi kuelewa nani anamlipa wala kwa nini, aligonga kwangu usiku.

"Mzae, mambo imekuwa ngori. Nisaidie na soo tano, mwisho wa mwezi nitakusoti."

Zamani nilikuwa na dawa ya watu hawa. Unajipapasa mifuko mbele yake, unatoa leso, unatoa funguo, unatoa tikiti ya basi ya juzi, mpaka mwombaji mwenyewe anaanza kukuhurumia. Dawa hiyo iliisha nguvu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza. Siku hizi ukijipapasa unaambiwa, "Hata kwa simu ni sawa." Nikatoa simu. Nilikuwa nimeanza kubonyeza nambari, akaongeza kwa sauti ya mtu anayekumbusha jambo dogo:

"Na ya kutoa, mzae."

Msomaji asiyekaa Kenya, nikueleze. Ya kutoa ni ada ambayo mpokeaji hukatwa kwa wakala akitaka noti mkononi, na kwa mia tano ni shilingi 29. Basi ukituma 529, zile 29 huisukuma 500 kutoka daraja moja la ada ya kutuma hadi jingine, nawe mtumaji unakatwa 13. Mia tano ya Nairobi ikienda kusaidia mtu humtoka mwenyewe ikiwa 542. Nililiandika hilo kwenye shajara yangu usiku uleule, na nililiandika kwa hasira.

Mwisho wa mwezi ukaja ukapita. Wa pili ukaja, ukapita. Mdaiwa wa kawaida hukukwepa. Hushuka ngazi ameshika simu sikioni, anaongea na mtu ambaye hayupo. Huyu hakunikwepa hata siku moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Alinisalimia kwa sauti kubwa, akiwa na viatu vipya vyeupe pepe, na mara moja alininunulia mahindi ya kuchoma. Mtu mwenye dhamiri safi namna hiyo ni hatari.

Nikamwendea kwa adabu ya mtaa wetu, yaani bila kulitaja deni.

"Kijana wangu, ile kitu."

"Kitu gani, mzae?"

"Ile ya Januari."

"Aah! Ile ulinisaidia?"

"Hiyo."

"Si nilikushukuru?"

"Ulinishukuru."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu. Nimekutana na wadaiwa sugu wa kila aina, wa kulia, wa kuapa kwa mama, wa kufiwa na nyanya yuleyule kila muhula, lakini huyu alikuwa wa kwanza kunishinda kwa sarufi.

Kesi ikaenda kwa fundi wa viatu. Mambo yote mazito ya ploti yetu huamuliwa kibandani kwake pale kwenye kona, kwa sababu fundi ana benchi na hana haraka. Ilikuwa Jumapili alasiri, maji yalikuwa yametoka asubuhi na kila mtu ameshajaza mitungi yake, kwa hiyo watu walikuwa na nafasi ya kushughulikia haki. Alikuwepo keateka, alikuwepo mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa mlango nambari tatu, kinyozi wa chini, msichana wa M-Pesa, mwendesha boda mmoja aliyekuwa anangoja abiria, na mama mboga ambaye kibanda chake kimepakana na cha fundi, hivyo kila kesi anaisikia atake asitake. Hutaka.

Kijana akaanza. Anajua kuongea, sitamnyima hilo.

"Wazee, mimi sijakataa kitu. Niliomba msaada, nikasaidiwa, nikasema asante. Deni la msaada ni asante. Hiyo nililipa papo hapo, pale mlangoni, na mama watoto wako alikuwa anasikia."

"Ulisema utanisoti," nikamkumbusha.

"Na nikakusoti! Nani alikubebea gesi mpaka orofa ya nne ile siku mgongo ilikuwa inakuuma? Nani alirekebisha simu yako ikiwa imeanza kuongea Kichina?"

Kumbe hata "nitakusoti" ilikuwa na mlango wa nyuma. Benchi likagawanyika. Keateka akasema kusoti ni kulipa, hakuna mjadala. Hivyo ndivyo anavyomripotia mwenye nyumba kuhusu kodi: nambari tano amesoti, nambari nane hajasoti. Mwendesha boda akasema hapana, kusoti ni kumfanyia mtu roho safi, hata ukimbeba bure siku ya mvua umemsoti. Msichana wa M-Pesa akasema kusoti ni kumaliza stori, iwe kwa pesa iwe kwa maneno. Fundi aliyetoka Bahati akasema kwao kusoti ni kuchambua mitumba. Sheng ni mtoto wa mitaa hii hii yetu ya Eastlands, ina kituo chake cha redio na wasomi wa kigeni wanaiandikia tasnifu, lakini ina tabia moja ambayo tasnifu hazitakwambia: neno likivuka Jogoo Road linabadili kazi. Huwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa neno la namna hiyo.

Nikapandwa na hasira. "Maneno mengi ya nini? Mimi nataka jirongo yangu!"

Vijana wakatazamana. Mmoja akauliza Jirongo ameingiaje.

Ikabidi nifundishe historia. Noti ya mia tano tuliiita jirongo tangu uchaguzi wa 1992, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza YK'92, lile kundi la vijana wa KANU lililomwaga pesa kumpigia kampeni Rais Moi. Mwaka ule watu walisaidiwa mpaka wakashangaa. Mwaka uliofuata bei za vitu zikapaa, unga ukawa wa kupimiana kwa macho, na kila mtu akalipa, hata sisi ambao jirongo zenyewe tuliziona mikononi mwa majirani tu. Nikasema huo ndio ushahidi wangu: hata msaada wa siasa hurudi kudaiwa, tena na riba. Kijana akasema yeye mwaka huo hakuwa amezaliwa na hawezi kulipia vitu vya KANU.

Mwalimu alikuwa akingoja zamu yake amefumba macho. Huyu ni mtu asiyeweza kukuomba umpishe ngazini bila kutaja Katiba ya 2010, kifungu cha 7, kinachosema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Akaitaja. Kisha akafumbua macho.

"Ndugu zangu, mmekosea nyote kabla hamjaanza. Kosa liko kwenye hiyo 'na'. Hii 'na' ni ya kufuatana: nimekuja na mke wangu. Au ni ya mtendaji: nimeumwa na mbwa. Ukimwambia mzee 'nisaidie na mia tano', unamwita yeye na unaiita mia tano, waje wote wawili wakusaidie. Kukusaidia nini? Kufua? Na ukisema 'nilisaidiwa na mia tano', maana yake ni wazi, aliyekusaidia ni hiyo mia tano yenyewe."

Kijana akaruka akapiga makofi. "Mmesikia? Nilisaidiwa na mia tano! Mzae hakuhusika!"

Sijawahi kuona mwalimu akiduwaa vile. Miaka yote ya chaki, na hoja yake imechukuliwa mchana kweupe na kutumiwa upande wa pili. Akajaribu kuikomboa, akasema hiyo "na" si yetu, tumeitoa kwenye Kiingereza tukaivalisha kanzu, wanafunzi wake walikuwa wakiiandika kwenye insha naye akiipiga mstari mwekundu, tena mstari mwekundu, mpaka akastaafu, na siku ya kumuaga mwalimu mkuu alisimama akasema, "Tungependa kumsaidia mwenzetu na zawadi." Alipofika hapo sauti ilikatika kidogo. Tukamwacha apumue.

Alipopumua akatoa silaha. Ni kamusi ya Frederick Johnson, ile ya 1939, ambayo ameivika gazeti na hamwazimi mtu, yaani hamwazimi kabisa, hata ukimwambia akusaidie nayo. Akafungua kwenye K. "Kopa," akasema, "ni kupata pesa au mali kwa ahadi ya kulipa baadaye." Akanyamaza. Fundi akamwambia asiishie hapo, ukurasa bado. "Na maana nyingine," mwalimu akasema polepole, "ni kulaghai."

Benchi likacheka mpaka fundi akatema msumari. Kumbe neno hili lina rekodi ya polisi tangu zama za mkoloni! Si ajabu Nairobi imelikwepa. Nani aje mlangoni kwako saa za usiku kusema, mzee, niruhusu nikulaghai kidogo?

Wakamgeukia kinyozi. Kinyozi ni kijana wa Tanga, mpole mno kwa mji huu. Husema samahani kabla ya kukushika kichwa, na huwapa shikamoo wote wenye mvi, ambao nusu yao huangalia nyuma kuona anayeitwa. Sisi watu wa Nairobi tunaamini kila Mtanzania amezaliwa na kamusi kifuani. Kesi za lugha zikitushinda tunamsukumia yeye, hata akiwa na mtu amenyolewa nusu.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Mimi hapa mgeni tu. Ila kwetu, mtu akiingia mgahawani hasemi leta soda. Husema naomba soda. Kisha analipa."

Hilo lilizidisha moshi. Kama Tanga mtu anaomba na analipa, na Umoja mtu anasaidiwa na halipi, basi mpaka wa Lungalunga unafanya kazi gani? Kijana alitaka kuuliza kama naye angeweza kuomba soda Tanga halafu aseme asante. Kinyozi akamjibu kwa upole kwamba angeweza, lakini angepigwa.

"Lakini mikopo yenyewe," akaendelea, "ile ya riba kali ya mitaani, kwetu inaitwa kausha damu."

Tukanyamaza wote. Kausha damu! Hilo ndilo jina. Mtu akienda kuchukua kausha damu hawezi kurudi nyumbani akadai hakuelewa masharti. Nikasimama, nikasema Watanzania waheshimiwe. Mwalimu, ambaye alikuwa bado na kidonda, akasema tusiwasifu upesi. Hata huko kuna kampuni ya simu inayokopesha salio kwa jina la Nipige Tafu, na kumpiga mtu tafu ni kumsaidia. Kinyozi akakiri, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake.

Kwetu huku ndiyo usiseme. Angalia simu yako. Mkopo wa 2012 ukapewa jina M-Shwari, na shwari ni bahari iliyotulia. Muulize aliyepitisha siku za kulipa kama ametulia. Wa salio ukaitwa Okoa Jahazi. Umoja hii hakuna mwenye jahazi, wengi wetu bahari tuliiona kwa safari ya shule, lakini usiku wa manane dakika zikiisha unabonyeza simu, jahazi lako linaokolewa, na mwokoaji anakata asilimia 10. Mzamiaji wa kweli akikutoa majini hakati sehemu yako ya kumi. Fuliza ilipokuja Januari 2019 nilitafuta maana yake nikaona angalau hao hawakudanganya: kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Hivyo ndivyo ilivyo. Ukiwekewa hela yoyote inameza kwanza deni lake, na imetupa udhuru mpya mtaani: "Nilikuwa na pesa yako, Fuliza ikachukua."

Halafu Hustler Fund, ile iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, hiyo nafuu hatukuwa tumeizoea, lakini sikiliza jina. Hawakusema mkopo. Walisema mfuko. Na mtu wa Eastlands akisikia mfuko wa serikali umefunguliwa, anaingiza mkono. Wako waliosema hapa hapa kwa fundi kwamba ile ilikuwa shukrani ya kura. Kwa lugha ya kijana wangu wa nambari kumi na mbili: serikali ilinisaidia, nikaiambia asante.

Muda wote huo mama mboga alikuwa akikata sukuma wiki bila kuangalia vidole. Akaweka kisu chini.

"Nyinyi mmesoma sana. Mimi hapa kwangu sisaidii mtu, sikopeshi mtu. Kwangu kuna 'niandikie'."

Akanyanyua daftari lake, lile lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Mtu akisema niandikie, naandika. Anaona nikiandika. Anaenda. Akirudi tunafungua. Hata mwalimu yuko hapa."

Mwalimu akafunga kamusi.

"Na wewe mzee," akanigeukia, "uliandika?"

"Niliandika kwa shajara yangu."

"Yeye akiona?"

"Hapana. Nilikuwa kitandani."

"Basi hiyo ni barua ya mapenzi uliyojiandikia."

Sitasema mengi kuhusu mama mboga, maana nambari yangu pia iko katika lile daftari, lakini nimelifikiria sana neno lake. "Niandikie" halijipendekezi. Halimtaji Mungu, haliokoi jahazi. Ningekuwa katika baraza lolote la lugha ningelipeleka lisanifishwe kesho, pamoja na kalamu na uzi wake.

Ilibaki hukumu. Fundi akaigongagonga soli aliyokuwa nayo, akasema yeye maneno hayajui sana. "Mimi kiatu nikimaliza natoa kimoja. Cha pili kinakaa hapa mpaka pesa ije. Sijawahi kubishana na mtu mwenye kiatu kimoja." Akaniambia niende kwa kijana, nibishe hodi, nimwombe anisaidie na ile spika yake, ile inayotikisa sufuria zetu usiku wa Ijumaa. Nikishasaidiwa, niseme asante.

Kijana alibadilika rangi. Mwalimu akainua kidole, akaanza kusema ni vyema zaidi tuseme aniazime spika, si anisaidie na spika, na sote tukamwambia kwa pamoja anyamaze.

Sikufika hata kubisha hodi. Jumanne asubuhi simu ikalia: shilingi 500 kutoka nambari kumi na mbili. Si 529, wala si 542. Suala la kama ya kutoa ni sehemu ya deni au ni zawadi ndani ya deni nilikuwa tayari kulirudisha kwa fundi Jumapili, lakini mama watoto akasema nikipeleka kesi nyingine kule niende na blanketi. Nikaacha.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kijana hakuwa amekubali hukumu. Kwa hesabu yake ile ya Januari ilikuwa msaada, na msaada ule ulishalipwa kwa asante. Kwa hiyo hii mia tano ilikuwa kitu kipya kabisa. Kila aliyekutana naye ngazini aliambiwa, bila majigambo, kwa sauti ya kijana mwenye malezi mema: "Nimemsaidia mzae na soo tano."

Kufikia jioni mama wa orofa ya kwanza alikuwa ameniuliza kama nimefutwa kazi. Kinyozi alikataa kuchukua pesa ya ndevu, akasema pole mzee wangu, kupanda na kushuka ni kwa kila mtu. Wa nambari tisa, ambaye hajawahi kunisalimia vizuri tangu kisa cha kamba ya nguo, alinishika bega. Nilianza kumweleza kila mmoja habari ya Januari, ya kusoti, ya hiyo "na", ya Johnson wa 1939, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonihurumia zaidi.

Saa moja usiku keateka akaja na karatasi yake ya kukusanya pesa za takataka. Shilingi mia tatu kila mlango. Akanitazama, akaikunja karatasi.

"Mzee, nimesikia umepitia mambo. Hii ya takataka ya mwezi huu wacha tu. Nimekusaidia."

Mwalimu alikuwa akishuka ngazi wakati huo huo. Alisikia, akasimama, akafungua mdomo. Nikamkazia jicho mpaka akaufunga. Kisha nikamwambia keateka asante, papo hapo, pale mlangoni, kwa sauti ya kutosha mashahidi.